Kumchagulia Mwanagenzi Chuo: Mwongozo kwa Waajiri wa Katonga

Ukiwa na boti mbili tatu hapa Katonga, Kigoma, karakana ya kuchomelea vyuma, uwanja wa kuanikia dagaa au nyumba ya wageni upande wa ufukwe wa Jakobsen, unajua jinsi vijana wanavyokuja kuomba kazi. Wengine wamemaliza kidato cha nne, wengine waliishia darasa la saba, na karibu wote husema, "Nifundishe tu, nitafanya." Kazi unayo. Muda wa kufundisha kuanzia mwanzo huna. Fundi wako anajua kufungua mashine na kuifunga, ila akiulizwa kwa nini inafanya vile hujibu kwamba ndivyo alivyoonyeshwa na aliyemfundisha.

Hapo ndipo uanagenzi unapofaa. Kijana hujifunza sehemu ya muda chuoni na sehemu kazini kwako, kwa mkataba ulioandikwa, mpaka apimwe na kupata cheti. Serikali ilitoa mwongozo wa kitaifa wa uanagenzi mwaka 2017, na mafunzo ya aina hii yameshafanyika katika hoteli za Dar es Salaam na Zanzibar, ambako wanagenzi walikuwa wakipishana kati ya darasa na jiko, mapokezi na vyumba vya wageni. Kigoma nayo si mgeni wa jambo hili. Meli ya Liemba iliungwa papa hapa na kushushwa majini Februari 1915, vipande vyake vikiwa vimeletwa kwa makasha kutoka Ujerumani. Wajenzi wa meli waliotoka huko walikuwa watatu tu, wakiongozwa na Anton Rüter. Kazi iliyobaki ilifanywa na mikono ya Waafrika na Wahindi waliojifunza wakiwa kazini.

Ugumu uko katika kuchagua chuo. Kijana akienda kwenye chuo kibaya, wewe ndiye unayerudishiwa hasara: mashine iliyoharibiwa, wateja waliokimbia, na miezi iliyopotea. Ushauri wangu mkubwa ni huu: chagua chuo ambacho mwalimu wake yuko tayari kuja mwaloni. Majengo yawe mazuri kiasi gani, mwalimu ambaye hajawahi kuona mahali kijana anapofanyia kazi hawezi kujua kama kijana huyo anajifunza. Mengine yote katika mwongozo huu ni njia za kuupata ukweli huo mapema, kabla hujaweka sahihi.

Anza na kazi, jina la kozi litafuata

Waajiri wengi huingia chuoni na kuuliza, "Mna kozi gani?" Wanasomewa orodha, wanachagua jina linalofanana na biashara yao, wanaondoka. Mwezi wa tatu ndipo wanapogundua kwamba kozi ya ufundi wa magari haikumgusisha kijana mashine ya boti hata siku moja.

Kabla ya kwenda chuo chochote, kaa na fundi wako mwandike kazi kumi ambazo mnataka kijana aweze kuzifanya peke yake baada ya mwaka mmoja. Ziandikwe kama mnavyozisema kazini. Kwa mwenye boti, orodha inaweza kuwa na kuchanganya mafuta na oili kwa kipimo sahihi, kubadilisha plagi, kusafisha kabureta, kubadilisha oili ya gia, kuifungua pampu ya maji, na kutengeneza taa na betri za kuvulia usiku. Kwa mwenye biashara ya dagaa, itakuwa kuosha, kuanika kwenye chanja, kugeuza, kujua dagaa wamekauka kiasi gani, kufungasha, kupima na kuweka kumbukumbu. Mwenye nyumba ya wageni ataandika mapokezi, usafi wa vyumba, mapishi na namna ya kumhudumia mgeni anayesubiri boti ya kwenda Gombe.

Ukishaandika, weka alama kwenye kazi ambazo fundi wako anaweza kuzifundisha vizuri. Zilizobaki ndizo unazozitafutia chuo. Mara nyingi utakuta unachokosa ni nadharia ya umeme, usomaji wa michoro, hesabu za vipimo, usalama na utunzaji wa kumbukumbu. Karatasi hiyo moja itakusaidia kuliko kipeperushi chochote, maana utaiweka mezani na kuuliza: katika hizi kumi, ninyi mtafundisha zipi, lini, na kwa vifaa gani?

Jua walio karibu nawe

Mkoani Kigoma kuna aina kadhaa za watoa mafunzo, na kila aina ina nguvu yake.

Chuo cha VETA Kigoma ndicho ambacho wengi hukifikiria kwanza. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyuo vyake vina fani kama umeme, uchomeleaji, useremala, ujenzi, ushonaji na magari. Fani hutofautiana chuo hadi chuo, kwa hiyo uliza za mwaka huu. Kama wafanyakazi wako wanatoka wilayani, usivisahau vyuo vya VETA vya huko, kwa mfano kile cha Nyamidaho, Kasulu.

FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, ina kampasi hapa Kigoma, mbali na zile za Mbegani Bagamoyo, Nyegezi Mwanza na Mikindani Mtwara. Kwa mwajiri wa Katonga anayeshughulika na uvuvi, zana zake na mazao ya samaki, huu ni mlango wa kubisha mapema. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, nayo ina kituo Kigoma. Haichukui wanagenzi wako kama chuo, lakini wataalamu wake wanalijua ziwa hili na dagaa wake, na chuo kinachowaalika kuja kuzungumza na wanafunzi kinaonyesha kwamba kinajali.

Vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Kasulu na Kibondo hupokea vijana na watu wazima, wakiwemo wasiofika mbali shuleni. Vipo pia vyuo vya watu binafsi na vya taasisi za dini, vingine vizuri sana na vingine vya jina tu. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo mafupi ya usindikaji na biashara ndogo, ambayo yanaweza kujaza pengo bila kumwondoa kijana kazini kwa muda mrefu.

Mwisho yupo fundi wa mtaani, ambaye ndiye aliyewafundisha mafundi wengi tunaowategemea Katonga, Bangwe, Mwanga na Ujiji. Usimdharau. VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo mtu aliyejifunzia kazini hupimwa, hupewa mafunzo ya kujazia mapengo, na hutambuliwa kwa cheti. Kama fundi wako mkuu hana cheti, mpeleke yeye kwanza. Atakaporudi atajua chuo kinapimaje, naye ndiye atakayemlea mwanagenzi wako kila siku.

Hakikisha chuo kina uhalali

Hatua hii ni fupi, lakini usiiruke. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi ni NACTVET. Omba cheti cha usajili cha chuo, andika namba yake, kisha uithibitishe mwenyewe kwa baraza hilo. Usitosheke na nakala iliyobandikwa ukutani.

Angalia mambo mawili ambayo wengi huyapita. La kwanza, je, fani unayoitaka imo katika zile ambazo chuo kimeruhusiwa kufundisha? Chuo kinaweza kuwa na usajili halali wa ushonaji na kompyuta, kikawa kinafundisha umeme kwa kubahatisha. La pili, mwisho wa mafunzo kijana atapata cheti gani? Vyeti vya taifa vya ufundi stadi, NVA, vina ngazi ya I, II na III. Cheti cha kuhudhuria kilichochapishwa na chuo chenyewe hakina uzito huo. Kozi fupi ina faida yake, lakini kijana na wazazi wake wanapaswa kuambiwa ukweli huo kabla ya kuanza.

Nenda karakana ukasimame

Ukifika chuoni utakaribishwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Salimia, kunywa chai, kisha omba kuona darasa la vitendo likiendelea siku hiyo hiyo. Simama pembeni nusu saa bila kuuliza kitu.

Hesabu mikono. Kama vijana 25 wameizunguka mashine moja, wawili wameshika spana na waliobaki wanachungulia juu ya mabega ya wenzao, hayo ni maonyesho. Angalia vifaa vilivyopangwa kabatini: spana ambazo rangi yake haijachubuka na mashine ya kuchomelea iliyofunikwa vumbi zinakueleza kwamba hazitumiki. Angalia kama vijana wamevaa viatu vya kufunika mguu na miwani ya kukinga macho. Angalia mwalimu anafanya nini mwanafunzi anapokosea. Mwalimu mzuri humwacha mwanafunzi afungue tena kazi yake mwenyewe na kuirudia. Mwalimu asiye na subira humnyang'anya spana akaimaliza yeye.

Kisha zungumza na mwanafunzi mmoja aliyekaribia kumaliza. Usimwulize kama anapenda chuo. Muulize swali la kazi. Kwa mashine ya boti, swali zuri ni hili: mko majini, mashine inanguruma vizuri, halafu ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni unakatika, utafanya nini?

Aliyefundishwa vizuri ataanza na kuzima. Maji yale ndiyo yanayoipooza mashine, na kila dakika inayopita bila maji inaiunguza. Akishazima ataangalia kama sehemu ya kuvutia maji imezibwa na mfuko wa plastiki au majani. Kisha atazibua kwa waya mwembamba tundu linalotoa mchirizi, kwa sababu chembe ya mchanga inaweza kuliziba huku pampu ikiwa nzima. Kama bado maji hayatoki, atasema boti irudi nchi kavu kwa makasia au ivutwe na boti nyingine, afungue sehemu ya chini na kuitazama impela, ile ya mpira yenye mapanga iliyo ndani ya pampu. Tena, akijua kazi zaidi, atakwambia kwamba boti zinazowashwa kwenye maji mafupi ya ufukweni hula impela haraka kwa sababu ya mchanga, na kwamba ni vizuri kuwa na impela ya akiba. Aliyefundishwa vibaya atasema, "Nitamwita fundi."

Kwa biashara ya dagaa uliza hivi: saa tisa alasiri wingu limetanda na dagaa kwenye chanja wamekauka nusu, utafanya nini? Msikilize kama anajua kuwafunika bila kuwalundika, kwa nini waliolundikwa mbichi huharibika, na kwa nini dagaa wa chanja hupata bei nzuri kuliko walioanikwa mchangani. Majibu ya wanafunzi wawili watatu yatakueleza mengi kuliko maelezo ya mkuu wa chuo.

Watafute waliomaliza

Kila chuo kina picha za mahafali. Unachohitaji ni kujua vijana walio kwenye picha hizo wako wapi leo. Omba chuo kikupe orodha ya wahitimu wa fani yako wa miaka miwili iliyopita na mahali wanapofanya kazi. Chuo makini kinajua wengi wao walipo, kwa sababu walimu wake bado huwasiliana nao. Chuo kinachojibu "wengi wameajiriwa" bila kutaja karakana hata moja hakijafuatilia.

Ukipata majina, nenda kwa waajiri wao. Kigoma ni mji wa kujuana, kwa hiyo kazi hii haihitaji safari ndefu: Kibirizi, bandarini, Gungu, Mwanga. Muulize mwajiri mambo matatu. Kijana huyu ulimwamini kumwachia kazi peke yake baada ya muda gani? Ulilazimika kumfundisha upya kitu gani? Chuo kilikuja kumtazama mara ngapi? Jibu la swali la tatu lipe uzito wa pekee. Chuo kilichokuja kwa mwenzako kitakuja kwako, na ambacho hakikwenda kwake hakitabadilika kwa sababu yako.

Ratiba ifuate ziwa

Hapa ndipo vyuo vingi na waajiri wa mwaloni hushindana, kwa sababu chuo kina mihula na ziwa lina majira yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kazi hupamba moto siku za giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa boti nyingi hupumzika, nyavu hushonwa, mashine hufunguliwa. Mwanagenzi akiitwa chuoni wiki ya giza, amekosa kazi. Akikaa mwaloni wakati wa mbalamwezi bila mpango, amekosa darasa.

Chuo kizuri kitakubali kupanga nawe. Mkae na kalenda ya mwezi mezani mkubaliane kwamba darasa la nadharia litaangukia siku za mbalamwezi, au kwamba mwalimu atakuja mwaloni siku hizo, kwa kuwa ndipo mashine na nyavu ziko nchi kavu na wavuvi wana nafasi ya kusikiliza.

Uko pia muda mrefu zaidi wa kutumia. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, shughuli za uvuvi zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu ya namna hiyo humuumiza mwenye boti na mvuvi. Kwa mafunzo, hata hivyo, ni muhula mzima wa kozi fupi. Ziwa likitangazwa kufungwa, chuo ulichokichagua kiwe tayari na mpango wa kuwapokea vijana wako wiki hiyo hiyo. Muulize mkuu wa chuo mapema: ziwa likifungwa, mtatufanyia nini? Anayefikiri kwa pamoja nawe atakuwa na jibu au atakaa chini mlitafute.

Uliza pia lugha ya kufundishia na ya kupimia. Vijana wetu wengi hufikiri kwa Kiswahili na Kiha, na vitabu vya ufundi mara nyingi viko kwa Kiingereza. Chuo kikuonyeshe notisi na mtihani wa mwaka jana. Kijana anayejua kazi asije akafeli kwa sababu hakuelewa swali.

Mkataba wa pande tatu

Mkataba wa uanagenzi uwe na sahihi tatu: yako, ya chuo na ya mwanagenzi, na kama ni mdogo kiumri, mzazi au mlezi wake aweke sahihi pia. Chuo kinachokwepa kuweka sahihi kinataka ada bila kubeba jukumu.

Umri ni jambo la sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kama baharia wa chombo cha majini au katika kazi za hatari. Sheria hiyo imeacha nafasi kwa mafunzo halali yenye uangalizi na usalama, lakini nafasi hiyo si ruhusa ya kumpakia kijana wa miaka 15 kwenye boti ya usiku na kumwita mwanagenzi. Kama kijana hajafika miaka 18, mpango wake uwe wa karakana, nyavu na uwanja wa dagaa, mchana, chini ya macho ya mtu mzima. Chuo kinachofumbia macho umri kitakufumbia macho na wewe siku ya matatizo.

Usalama uandikwe waziwazi. Nani ananunua viatu, glavu, miwani na jaketi la kujiokolea? Nani anamfundisha kijana kuogelea na kutumia jaketi hilo kabla hajapanda boti? Ziwa letu lina kina kinachofika mita 1,470, na upepo wake huinuka bila kumngoja mtu ajifunze. Uliza kuhusu ukaguzi wa OSHA kwa karakana yako, masharti ya TASAC kwa vyombo vya majini, na uandikishaji wa mwanagenzi katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Chuo chenye uzoefu kitakuelekeza katika ofisi hizo.

Malipo nayo yasiachwe hewani. Kazi za boti hulipwa kwa mgao baada ya kutoa gharama, na mwanagenzi ndiye huwa wa kwanza kusahauliwa mavuno yakiwa madogo. Mwandikie posho ya kudumu, hata kama ni ndogo, ya chakula na nauli, na kama atapata mgao, uandikwe ni kiasi gani na kuanzia mwezi gani. Vijana wengi huacha mafunzo kwa njaa na nauli, si kwa ugumu wa somo.

Gharama yenyewe ni kiasi gani?

Ada ya vyuo vya VETA kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Vyuo binafsi hutoza zaidi, vingine zaidi sana. Ila ada ni mwanzo tu. Omba orodha kamili kwa maandishi: vifaa vya vitendo, sare, mitihani, usajili, bima, chakula. Kila malipo yawe na risiti na yaingie kwenye akaunti ya chuo, kamwe yasiingie kwenye simu ya mwalimu.

Kama una wafanyakazi 10 au zaidi, unahusika na tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL. Kiwango chake kilishushwa hadi asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi mwaka 2023, na theluthi ya mapato yake kwa muda mrefu imekuwa ikielekezwa kwenye mafunzo ya ufundi stadi. Kwa hiyo unapoingia chuo cha umma usiingie kama mwombaji. Umechangia, una haki ya kuuliza na kujibiwa. Uliza pia, katika ofisi ya kazi na kwa maofisa vijana wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, kama kuna nafasi za uanagenzi zinazogharamiwa na serikali kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi.

Anza na wachache, fuatilia kila wiki

Usipeleke vijana wanane mwaka wa kwanza. Peleka wawili. Teua fundi mlezi mmoja, mpe muda wa kufundisha, na umwongezee kitu kwa kazi hiyo. Chuo nacho kiteue mwalimu mmoja ambaye namba yake unayo.

Chombo chenu cha kufuatilia ni daftari la mafunzo, ambalo kijana hulijaza na fundi mlezi hulitia sahihi. Lisome mwenyewe kila Ijumaa. Daftari lililoandikwa "nimejifunza injini" wiki nne mfululizo halina maana. Lile zuri husomeka hivi: "Jumanne. Mashine ya 15, ilikuwa inawaka na kuzima. Nimefungua kabureta, nimekuta maji kwenye bakuli lake, nimesafisha jeti, nimefunga. Imewaka mvuto wa tatu. Nimeambiwa niangalie pia chujio la mafuta, sikuliangalia mwanzoni." Kijana anayeandika namna hiyo anakuwa fundi, na chuo kinachodai aandike hivyo ni chuo cha kushika.

Mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, itoe tena ile karatasi ya kazi kumi. Wewe, fundi mlezi na mwalimu mweke alama kwa kila kazi: anaweza peke yake, anaweza akisaidiwa, bado. Kama miezi mitatu imepita na mwalimu hajafika kazini kwako hata mara moja, andika barua. Ikipita miezi sita, hamisha vijana. Kifungu cha kukuruhusu kufanya hivyo kiwe kwenye mkataba tangu mwanzo.

Maswali ya kwenda nayo chuoni

Namba yenu ya usajili ni ipi, na fani hii imo?

Cheti cha mwisho ni kipi, na ni nani anayempima kijana?

Kwa kila mashine au meza ya kazi, wanafunzi ni wangapi?

Mwalimu wa fani hii amewahi kufanya kazi hiyo nje ya chuo, wapi na lini?

Atakuja mwaloni mara ngapi kwa mwezi, na nani analipa nauli yake?

Wahitimu wa miaka miwili iliyopita wako wapi?

Ziwa likifungwa, au wakati wa mbalamwezi, mna mpango gani?

Mna wasichana wangapi katika fani hii, na mnawawekea usalama gani?

Kijana akiumia, hatua ya kwanza ni ipi na nani anapigiwa simu?

Tukitofautiana, tunaachana vipi bila kijana kupoteza muda wake?

Swali la wasichana lichukue kwa uzito. Uchakataji wa dagaa Katonga umebebwa na wanawake, lakini mashine, umeme na vyuma bado vinaonekana kazi za wavulana. Chuo ambacho wasichana wake wanamaliza na kuajiriwa kinakuongezea mara mbili idadi ya vijana unaoweza kuwachagua.

Ondoka pale utakapoona mojawapo ya haya: chuo kinaahidi cheti cha taifa kwa wiki chache, kinakukatalia kuiona karakana bila miadi ya wiki mbili, kinataka fedha yote kabla ya mkataba, au kinawatumia wanafunzi kwa kazi za kulipwa za walimu bila kuwafundisha. Usiporidhika na chuo chochote, subiri muhula mwingine. Kusubiri miezi kadhaa ni nafuu kuliko kumtia kijana mahali pabaya.

Na wewe jichunguze vilevile. Mwajiri anayemfanya mwanagenzi kuwa mbeba ndoo na mchota maji kwa mwaka mzima hastahili chuo kizuri, na chuo kizuri kina haki ya kumwondoa kijana kwako. Kijana anayekabidhiwa kwako ni mtoto wa jirani yako. Wiki hii kaa na fundi wako, andikeni zile kazi kumi, kisha chukua karatasi yenu uende ukasimame karakana.